Jibu: Regulata ina ukoko mweupe na suti inanuka, ingawa naosha kila nikizamia

Salaam ndugu. Umesema unaosha vifaa kila ukitoka baharini, kwa maji ya kisima hapo Kisauni, na bado regulata, kile kifaa cha kuvutia pumzi kutoka mtungini, inashika ukoko, na suti yako ya mpira ya kuzamia inanuka.

Kwanza yaonje hayo maji. Visima vingi vya huku kwetu pwani vina munyu, basi unaosha chumvi kwa chumvi. Tafuta maji matamu, ya mfereji au ya mkokoteni. Beseni moja kubwa latosha.

Regulata ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana pumzi yako imo humo. Ukishaitoa mtungini, kausha kile kifuniko kidogo cha pale inaposhikana na mtungi na ukifunge barabara, ndipo uiloweke. Ikiwa majini usibonyeze kitufe cha mbele: kinafungua vali, na maji yanaweza kupanda kwenye paipu mpaka ndani. Ukoko ulioganda, uloweke kwa maji vuguvugu hata saa nzima. Ukiona ukijani kwenye kichujio cha pale inaposhikana na mtungi, tafadhali ipeleke kwa fundi wa regulata kabla hujazama tena.

Jaketi la kuelea nalo litie maji matamu ndani, litikise, limwage, kisha lijaze upepo kidogo ulitundike.

Suti ianike nje-ndani, kivulini penye upepo. Jua la kaskazi linakausha mpira ukapasuka. Ndani kukikauka, igeuze. Shika kwapani na magotini: pakiwa bado pana ubaridi, usiikunje. Harufu yaanzia hapo.