Arabuko-Sokoke: msitu tambarare unaopoteza watu

Mara ya kwanza niliingia Arabuko-Sokoke kama mtu anayekwenda mazoezini. Nilikuwa nimezoea milima, ambako kazi yako ni kupanda na kilele ndicho kinachokuambia umefika. Nikatazama ramani: msitu umelala kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, hakuna mlima, hakuna korongo, sehemu yake ya juu kabisa haifiki hata mita 250 kutoka usawa wa bahari. Nikamwambia rafiki yangu, hii tutaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Yeye akaja na ndala.

Saa tano na nusu tulikuwa tumepotea.

Mlimani ukipotea unateremka, na mwishowe utakuta mto, shamba au watu. Hapa huna pa kuteremkia. Mti uliouacha nyuma ni pacha wa ulio mbele yako. Jua la adhuhuri nalo halisaidii, kwa kuwa hapa ni kama nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na miezi mingine kivuli chako kinajificha chini ya miguu. Tulisikia lori likinguruma tukasema, barabara ile kule. Tukatembea. Ngurumo ikaja tena, safari hii nyuma yetu, na haikuwa lori: ni upepo uliokuwa ukipita juu ya vilele vya miti. Kilichotuokoa ni alama za matairi kwenye mchanga. Tulizifuata zaidi ya saa nzima tukatokea lami, mbali kabisa na tulikoingilia. Kijana wa bodaboda alitazama miguu ya rafiki yangu, akatazama ndala, akauliza, "Nyinyi mmetoka wapi?" Hatukuwa na jibu la maana.

Kosa lilikuwa letu tupu. Tulipita kituo cha msitu cha Gedi bila kuuliza mwongozaji, eti tunaokoa pesa. Siku hizi siingii bila mwongozaji, na sababu kubwa hata si kupotea. Msitu umezungushiwa uzio wa umeme ili ndovu wasitoke kwenda mashambani. Maana yake ndovu wamo ndani, pamoja nawe. Mzee aliyenitembeza mara ya pili alikuwa kila baada ya muda akichota mchanga, anauachia taratibu kati ya vidole, anatazama unaangukia upande gani. Nilidhani ni mazoea tu ya uzee. Mpaka tulipokuta kinyesi cha ndovu ambacho bado kilikuwa kinafuka mvuke, akachota tena, akautazama mchanga, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, turudi na njia ile ile." Tukarudi. Ndovu hatukumwona, na sikujutia hata kidogo.

Sasa, wengi wananiuliza njia ipi ni ndefu, ipi ni fupi, zina kilomita ngapi. Nadhani hilo ndilo swali lililoniharibia siku ya kwanza. Msitu huu una kilomita za mraba kama 420, ndio mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki, na hakuna atakayeumaliza kwa siku. Swali la maana ni umesimama mara ngapi. Siku yangu nzuri kuliko zote humo sidhani kama nilitembea kilomita tano.

Nisimulie asubuhi hiyo. Tuliingia saa kumi na mbili, bado kuna ubaridi kidogo, utando wa buibui umetanda njiani kiasi kwamba anayetangulia anatembea na kijiti mbele ya uso. Ilikuwa kiangazi, majani makavu yamelala chini kama mkeka. Mzee akanisimamisha, akanyoosha kidole sikioni. Nikasikia: cha, cha, cha, kisha kimya. Kisha tena. Mimi ningesema ni kuku. Baada ya kama dakika kumi akatokea sengi, yule mnyama ambaye vitabu vya Kiswahili humwita isanje, ukubwa wake kama wa sungura mdogo, pua ndefu inayochezacheza kama mkonga wa ndovu wa kuchezea, miguu myembamba, na nyuma amepakwa rangi ya dhahabu kana kwamba amekalia ndoo ya rangi. Huyu mwenye nyonga ya dhahabu hapatikani popote duniani isipokuwa pwani ya Kenya, na Arabuko-Sokoke ndiyo ngome yake. Alikuwa akipekua majani kutafuta wadudu, anapekua, anasimama, anasikiliza. Rafiki yangu angekuwepo na zile ndala zake zinazopiga kofi kisigino, tusingemwona. Nikahamisha mguu mmoja tu. Sengi akapiga mkia chini mara kadhaa, akatoweka kwa miruko kama paa.

Ndiyo maana mimi, kinyume na wengi, nawashauri watu waende wakati wa ukavu. Majani yakilowa hayasemi kitu, na mnyama atapita hatua kumi kutoka ulipo usijue. Masika yana uzuri wake, msitu unakuwa kijani kibichi na vipepeo ni wengi, lakini njia zinageuka matope na mbu hawana huruma. Kaskazi ikivuma, Januari hadi Machi, joto ni kali mno. Kama unaweza kuchagua, chagua kati ya Julai na Septemba, wakati wa kusi. Hali ya hewa ni nafuu, na kuna ndege wanaokuja kutoka kusini majira hayo. Wapenzi wa ndege wanajua: humu kuna zaidi ya aina 230.

Usidanganywe na ukaribu wa bahari. Upepo wa pwani hauingii ndani. Ukishavuka ukingo wa msitu hewa inasimama, jasho halikauki, na mchanga unakula nguvu zako kwa sababu kila hatua inarudi nyuma nusu. Lita mbili za maji kwa mtu mmoja ndiyo kiasi cha chini kabisa. Saa nne, saa tano hivi, uwe unatoka.

Jambo ambalo sikuliona siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa natazama saa, ni kwamba huu si msitu mmoja. Upande wa mashariki ni mchanganyiko wa miti mikubwa, giza kidogo, na hapo utaokota mbegu za mbambakofi, nyeusi zinazong'aa na kofia nyekundu kama zimepakwa rangi kwa mkono. (Ziache palepale. Najua zinavutia.) Ukiendelea ndani, ghafla mchanga unakuwa mweupe na miti iitwayo mirihi inaachana nafasi, mwanga unamwagika mpaka chini, unajihisi umetoka nje ilhali bado umo ndani. Kisha udongo unageuka mwekundu, miti inakuwa mifupi na kusongamana, huwezi kuona hatua ishirini mbele. Angalia viatu vyako tu, rangi ya vumbi itakuambia uko msitu upi.

Huko kwenye udongo mwekundu ndiko anakoishi bundi wa Sokoke. Usiogope, najua jinsi wengi wetu tulivyolelewa kuhusu bundi. Huyu ni mdogo, sentimita kumi na sita hivi, ni wa kukaa kiganjani. Mchana analala kwenye kichaka cha chini kabisa, na waongozaji ndio wanaojua alikolala jana. Mzee alipinda mgongo, akachungulia, akaniita kwa mkono. Nilitazama kile kichaka dakika mbili nzima nikiona jani kavu. Jani likafungua jicho moja.

Mavazi: suruali ndefu, viatu vilivyofunikwa, soksi juu ya suruali hata kama unaonekana kichekesho. Mbung'o wamo, nao hupenda rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au kijani kilichopauka. Ukiona mstari mweusi unavuka njia, hao ni siafu, ruka, usisimame juu yao kupiga picha. Nimeona mtu mzima akivua suruali mbele ya wageni.

Kama una gari na siku nzima, omba upelekwe Nyari. Unapanda kidogo, na kutoka huko unaona vilele vya miti vimetandazwa mpaka hori la Mida na bahari kwa mbali. Na kama umechoka, magofu ya Gedi hayako mbali na kituo, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, umezingirwa na msitu wake mdogo, njia fupi zenye kivuli. Watoto wanapapenda zaidi, na papo hapo kuna mradi wa vipepeo ulioanza 1993, ambao wanakijiji wanaoishi kando ya msitu huuzia pupa wa vipepeo wanaowafuga. Kwa maoni yangu, familia yenye watoto wadogo ianzie Gedi, Arabuko ingoje mpaka waweze kunyamaza robo saa.

Jioni, kabla hujalala, jikague. Nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, kila mahali nguo inapobana. Kupe wa humu wakiwa wachanga ni wadogo kama punje ya ufuta, na huwahisi wanapopanda. Uwe na kibano: mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumzungusha. Safari ya mwisho nilitoa wawili, mmoja kwenye kifundo cha mguu, palepale soksi ilipoteremka.