Noeli ya familia katikati ya mfululizo: jibu kutoka Lubumbashi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili linasema: riwaya ya sikukuu inayotoka ndani ya mfululizo wa familia moja, kwa nini wasomaji wengine huililia na wengine huifunga kabla ya nusu? Na kikundi cha kusoma kiishughulikie vipi?

Wasomaji hawana ugomvi na Noeli yenyewe. Wanachokataa ni Noeli isiyoacha alama. Kama kitabu kinachofuata kinaweza kuendelea kana kwamba sikukuu haikuwapo, msomaji aliyetoa pesa yake ana haki ya kulalamika, hata kama kurasa zilikuwa tamu.

Angalieni mfululizo ambao wengi hapa Lubumbashi wameusoma kwa Kifaransa, Les Quatre Filles du docteur March wa Louisa May Alcott. Sehemu ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 1868. Inaanza na mabinti wanne wakinung'unika kwamba mwaka huu hakuna zawadi: baba yuko vitani, na pesa ni haba. Asubuhi ya Noeli mama anawaomba wapeleke chakula chao kwa akina Hummel, familia maskini ya jirani, nao wanapeleka. Mwandishi wa haraka angeishia hapo, watoto wamefundishwa wema, basi. Alcott haachi. Miezi inapita, mama yuko mbali akimuuguza baba, na Beth, binti wa tatu, ndiye pekee anayeendelea kwenda kwa akina Hummel. Mtoto wao mchanga anafia mapajani mwake, na Beth anaambukizwa homa ile ile. Anapona, lakini nguvu zake hazirudi tena. Sahani zile za asubuhi ya Noeli zinaifuata familia mpaka kitabu cha pili. Kisha karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza Noeli inarudi, baba anaingia mlangoni, na msomaji mwenyewe anapima mwaka umeondoka na nini.

Hapo hapo ndipo wasomaji wetu wengi wanapotea, na kosa si lao. Matoleo mengi ya Kifaransa yenye jina hilo yana sehemu ya kwanza tu. Ya pili, ya mwaka 1869, huuzwa kama kitabu kingine: Le docteur March marie ses filles. Aliyesoma cha kwanza peke yake anaapa kwamba Beth alipona, aliyesoma vyote viwili anashangaa, maana katika cha pili Beth anafariki, na jioni nzima ya mazungumzo inaishia kwenye ubishi ambao kila upande una haki. Kuna na matoleo yaliyofupishwa kwa watoto, ambayo hukata sura bila kusema wazi. Kwa hiyo kabla ya kugawa vitabu, pitieni orodha ya sura. Sehemu ya kwanza kamili ina sura 23, na zote mbili pamoja ni 47. Mkikuta sura 15, mmeshika muhtasari. (Anayeuliza daktari yuko wapi katika kitabu cha Kiingereza: hayupo. Baba ni mchungaji aliyekwenda kuhudumia wanajeshi. P.-J. Stahl ndiye aliyemfanya daktari alipokiandika upya kwa Kifaransa mwaka 1880.)

Sasa malalamiko. La kwanza ni "watu ni wengi mno". Riwaya ya sikukuu ina tabia ya kuwaita wote mezani katika sura moja: bibi, wakwe, mume aliyeachwa, watoto wa ndoa mbili. Mtu aliyeanza mfululizo huko nyuma anafurahi kuwaona. Aliyeletewa kitabu hicho kama kadoo, yaani zawadi, kwa sababu jalada lina mishumaa anaona majina tu. Mwandishi anajaribu kumwokoa kwa kumtia mhusika mmoja maneno ambayo hakuna ndugu angemwambia ndugu: "Dada yetu Marie, uliyegombana naye mwaka jana kwa ajili ya nyumba ya baba…" Mgeni hasaidiki sana, na mwenyeji anaudhika. Dawa ni karatasi moja ya kaye (daftari), ikunjwe ikae ndani ya kitabu. Andikeni jina, kisha undugu kama tunavyouita nyumbani: mjomba, baba mdogo, shangazi, yaya (kaka au dada mkubwa). Mwandishi akisema "oncle" tu, mtafute ni wa upande gani kabla ya kuendelea, maana nusu ya magomvi ya urithi katika riwaya hizi yanasimama hapo. Wanane au tisa wanatosha, wengine wapite. Hata Émile Zola, ambaye familia yake moja ilijaza riwaya 20 kati ya 1871 na 1893, alipofika cha nane, Une page d'amour, mwaka 1878, alichapisha pamoja nacho mti wa ukoo. Msione haya kuchora wenu.

La pili ni "hakuna kinachotokea". Msilipokee wala msilikatae haraka. Rudini kwenye sura ya meza mkaangalie vitu vidogo: nani anaongoza sala mwaka huu, nani amekaa kwenye kiti cha aliyefariki, nani anagawa nyama, nani ameletewa sahani jikoni badala ya kuitwa mezani. Msomaji wa hapa anayaona haya upesi, kwa sababu familia zetu nazo zinaongea kwa njia hiyo hiyo wakati wa kugawa bukari (ugali) na kuku. Mara nyingi jambo limetokea, ila limetokea kwa mkono na si kwa mdomo. Mkitafuta na msione badiliko hata moja, basi mlalamikaji amesema kweli, na kitabu ni hafifu.

Theluji haimsumbui mtu. Desemba yetu ni ya mvua na maembe, na kila mmoja anajua kwao ni baridi. Kinachosumbua ni meza isiyo na gharama: wageni kumi na wanne, siku tatu, na hakuna aliyeuliza nauli, wala nguo mpya za watoto, wala nani ameleta mchele. Hapo msomaji wa mitaa yetu ya Katuba au Kenya, hapa Lubumbashi, anaacha kuamini, na mimi niko upande wake. Alcott aliaminika kwa sababu katika ukurasa wake wa kwanza kabisa watoto wanaongea juu ya pesa.

La tatu ni hasira juu ya ndoa: "kwa nini hakumwoa yule?" Alcott aliandikiwa na wasichana waliotaka Jo, binti wa pili, aolewe na Laurie, kijana wa jirani. Akaandika katika daftari lake la kila siku kwamba hatafanya hivyo ili kumpendeza yeyote, na katika sehemu ya pili Laurie anamwoa Amy, mdogo wa wote. Watu wanabishana mpaka leo. Naona alifanya vyema. Ubishi huo upeni dakika ishirini, si zaidi, la sivyo utakula kila kitu.

Kuhusu ratiba: Majilio, majuma ya kungojea Noeli, ina Jumapili nne, na vikundi hupenda kugawa kitabu mara nne zikae humo. Haiendi. Jumapili ya tatu na ya nne kwaya ziko mazoezini, wageni wa Likasi na Kolwezi wanaanza kufika, na watu hawaji. Anzeni katikati ya Novemba, sura ya meza isomwe kabla ya tarehe 10 Desemba, na mazungumzo ya mwisho yawe baada ya Bonane (mwaka mpya), wakati kila mtu ametoka kwenye meza yake mwenyewe. Pangeni saa ya mchana, maana kurani (umeme) ikikatika jioni ya mvua, maandishi madogo hayasomeki kwa mshumaa. Siku hiyo waanze kusema wale walioingia mfululizo kwa kitabu hiki. Wakongwe wakitangulia, watataja yanayokuja mbele, na wageni watanyamaza.

Mkiwa na nakala moja tu, msipige fotokopi ya sura ya meza peke yake. Ongezeni sura ya mwisho ya kitabu kilichotangulia, kwa sababu ugomvi unaofika mezani ulianzia huko. Na kitabu kinachofuata kiwe mkononi mwa mtunza vitabu siku ile ile ya kumaliza, kwa sababu baada ya majuma mawili karatasi za majina zimekwisha kupotea.

Msomaji wenu, Lubumbashi