Kwa wanaoanza kusoma barua za raia kwa Gavana Vance

Wanafunzi wanaotaka kujua raia walimwomba nini mtawala wao katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, wengi huangukia North Carolina, mojawapo ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Si ajabu. Zebulon Vance alishika ugavana Septemba 1862 akiwa na miaka 32 tu, akitoka vitani alikokuwa kanali wa kikosi cha 26 cha jimbo hilo. Watu wa mashambani walimwona mwenzao, wakamwandikia. Makaratasi yake yamehifadhiwa kwenye nyaraka za jimbo mjini Raleigh, na sehemu yake inasomeka mtandaoni. Nimekaa nayo kiasi cha kujua mgeni hukwama wapi.

Hukwama kwenye machozi. Anafungua barua ya mke wa askari mwenye watoto wadogo na ghala tupu, ananakili mistari inayochoma zaidi, kisha anahamia barua nyingine. Baada ya mwezi ana daftari zima la vilio na hana hoja hata moja. Kabla hujanakili chochote, andika kwa sentensi moja mama huyu anaomba nini hasa. Mumewe apewe ruhusa ya kurudi kuvuna? Auziwe chumvi kwa bei ya serikali? Mwanawe asichukuliwe? Ukishalijua ombi, uliza kama gavana alikuwa na uwezo wa kulitimiza.

Hapo ndipo penye kazi. Kwa Mtanzania aliyezoea mkuu wa mkoa wa kuteuliwa, au Mkenya mwenye gavana wa kuchaguliwa lakini asiye na askari, ni rahisi kukosea. Vance alichaguliwa kwa kura, alikuwa na wanamgambo wa jimbo, na mwaka 1864 alirudi tena kwa wapiga kura, akamshinda mhariri William Holden. Lakini sheria ya kuandikisha wanaume jeshini kwa lazima haikuwa yake. Ilikuwa ya Shirikisho la Kusini, serikali ya majimbo yaliyojitenga, na mwenye kauli ya mwisho ilikuwa serikali hiyo katika mji mkuu wake, Richmond. Kwa hiyo ombi la kumrudisha mume kutoka jeshini lilihitaji barua nyingine kutoka kwa Vance kwenda kwa makamanda au kwa waziri wa vita, na mara nyingi lilikwamia huko. Alichoweza yeye ni kutetea watumishi wa jimbo wasiandikishwe, akisema jimbo haliwezi kuendeshwa bila wao. Ukiona ghafla wanaume wengi wana hamu ya kuwa maofisa wa wanamgambo au mahakimu wa mtaani, usidhani wamependa utumishi wa umma. Wengine walipeleka shauri lao kwa Jaji Mkuu wa jimbo, Richmond Pearson, ambaye aliwaachilia kadhaa waliokamatwa na maofisa wa uandikishaji.

Kitu kingine alichokishika ni bidhaa. Novemba 1862 alipiga marufuku kutoa nje ya jimbo chumvi, nafaka, nyama, ngozi, viatu na nguo. Serikali ya jimbo ilinunua meli iliyopenya mzingiro wa Kaskazini kwenye bandari, ikaleta pamoja na mengine vile vibao vyenye meno ya waya vya kuchambulia pamba kabla ya kusokota. Vibao hivyo utakutana navyo mno kwenye barua za wanawake, maana bila hivyo hakuna uzi, na bila uzi watoto wako uchi. Chumvi nayo ina majira yake. Nguruwe walichinjwa baridi ilipoanza, na nyama isiyotiwa chumvi haiwezi kukaa hadi kiangazi, ndiyo maana chumvi inalalamikiwa sana miezi ya mwisho wa mwaka. Usiichukulie kama kiungo cha mboga. Januari 1863 watu wa milimani, wengi wakiupendelea Muungano, yaani upande wa Kaskazini, walivamia mji mdogo wa Marshall wakachukua chumvi, na askari wa Kusini wakalipiza kwa kuwapiga risasi mateka 13, wanaume na wavulana, katika bonde la Shelton Laurel. Vance alidai uchunguzi ufanyike.

Sasa tazama jinsi mwombaji anavyojenga dai lake. Mara nyingi anaanza kwa unyonge, anaomba radhi kwa kumsumbua mheshimiwa, halafu anaweka mzani: mume wangu yuko kikosi fulani, anapata dola 11 kwa mwezi, na mlituahidi kwamba familia zetu hazitaachwa. Huo si unyonge tena. Mfano mzuri kuliko yote, kwa maoni yangu, unatoka Salisbury. Machi 18, 1863, wanawake kati ya 40 na 50, wengi wakiwa wake za askari, waliingia mitaani na mashoka kutafuta unga kwa wafanyabiashara walioshutumiwa kuficha akiba. Siku tatu baadaye barua ikaandikwa kwa Vance. Haimfichi kitu. Inamtajia walichopata, mapipa 23 ya unga, magunia mawili ya chumvi, karibu nusu pipa la molasi na dola 20, na inasema waligawana sawasawa. Isome pole pole. Anayetoa hesabu namna hiyo anajiona ametenda haki, na anataka gavana alikiri jambo hilo kwa maandishi. Ukiiandika kama "wanawake wenye njaa walilia" umewaibia.

Barua nyingi hazina tarehe, au karani alikosea. Hapa sheria zenyewe zitakusaidia. Aprili 1862 walitakiwa wanaume weupe wa miaka 18 hadi 35. Septemba mwaka huo kikomo kikapandishwa hadi 45, na Februari 1864 ikawa 17 hadi 50. Mama anayemlilia kijana wa miaka 17 dhidi ya sheria hiyo anaandika mwaka 1864 au baadaye. Anayelalamikia zaka ya mazao, sehemu moja ya kumi iliyochukuliwa na serikali ya Shirikisho, ameandika baada ya Aprili 1863. Mwenye hasira kwamba mwenye watumwa 20 anasamehewa kwenda jeshini huku maskini akibebwa, yuko baada ya Oktoba 1862. Mshahara wa askari wa kawaida ukitajwa kuwa dola 18, basi ni baada ya katikati ya 1864. Jifunze tarehe hizi kwa moyo kabla hujagusa sanduku la kwanza.

Kuhusu mwandiko sina mengi. Wengi waliandika kama walivyosikia, bila nukta, kwa hiyo soma kwa sauti na utaelewa. Tahajia mbovu haina maana ya akili ndogo.

Maombi ya wanakijiji wote pamoja yanataka jicho jingine. Kijiji kinaomba mhunzi wake asichukuliwe, kwa kuwa majembe yameharibika na waliobaki ni wazee na wanawake. Angalia sahihi: zikiwa za mkono mmoja, mtu mmoja aliandika majina ya wote, na huyo ndiye wa kumtafuta. Pengine ni mhunzi mwenyewe. Kuna pia barua za kuchongeana, fulani anapika pombe ya nafaka wakati sheria inakataza, fulani amewaficha watoro wa jeshi. Usiziamini wala usizitupe.

Halafu kuna wasiosikika. Sensa ya 1860 ilihesabu watu 992,622 jimboni, na 331,059 kati yao walikuwa watumwa. Tangu 1830 ilikuwa kosa kuwafundisha kusoma na kuandika. Kwa hiyo theluthi moja ya watu karibu haimo kabisa kama waombaji, bali imo ndani ya barua za mabwana, kwa mfano anayedai arudishiwe mtu wake aliyepelekwa kuchimba maboma ya Wilmington, mji wa bandari wa jimbo hilo. Barua hizo nyingi huwekwa pembeni kama mambo ya mali. Mimi nazisoma kwanza, kwa sababu zinataja majina, kazi, maradhi na kutoroka.

Ukimaliza upande wa mbele, geuza karatasi. Mgongoni huenda ukakuta muhtasari wa karani, na pengine maneno machache ya Vance mwenyewe kuhusu la kujibu. Majibu yaliyotumwa yatafute kwenye vitabu vya nakala za barua zake. Usipoyapata, shuka ngazi ya kaunti. Februari 1863 bunge la jimbo lilitenga dola milioni moja kwa familia za askari, na ugawaji ulifanyika huko chini. Panapobaki orodha za wagawaji, kuna mahali jina la mama aliyenyimwa mumewe linatokea tena, safari hii mbele ya kiasi cha mahindi.