Kompyuta ya chama cha msingi inazima jioni: je, dawa ni inveta kubwa?

SWALI: Ndugu Fundi, mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho katika kijiji kimoja cha wilaya ya Liwale, ambako nguzo za umeme bado hazijafika. Tuna paneli moja ya wati 50, betri ya maji ya volti 12 yenye ampea-saa 50, kontrola (kidhibiti cha kuchaji betri) ya kawaida ya ampea 10, na inveta (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa wa soketi) ya wati 300 iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri. Kompyuta mpakato tunaitumia jioni kwa muda wa saa 4 hivi, kuingiza majina ya wakulima na uzito wa korosho zilizopimwa siku hiyo; betri yake ya ndani imechoka, hivyo haiwezi kukaa bila chaja. Taa ni 2 za wati 5, na simu 2 za ofisi huchajiwa kwenye inveta hiyo hiyo, ambayo kwa sababu hiyo haizimwi usiku wala mchana. Msimu ulipoanza tulifanya kazi bila taabu, lakini sasa baada ya saa moja na nusu inveta inalia, kisha kompyuta inazima. Betri haijamaliza mwaka. Muuzaji ametushauri tununue inveta ya wati 1000 pamoja na paneli nyingine. Je, ushauri huo ni sahihi? Na je, kompyuta inaweza kupata umeme wa betri bila kupitia kwenye inveta?

JIBU: Ndugu Karani, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la yote. Ndiyo, kompyuta mpakato inaweza kutumia umeme wa betri ya volti 12 bila inveta, na kwa mtambo mdogo kama wenu hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Kuhusu ushauri wa muuzaji, paneli ya pili mtaihitaji, lakini inveta ya wati 1000 itawaongezea tatizo lile lile mnalolilalamikia.

Tufanye hesabu kwa ampea-saa, yaani ampea mara saa, kwa kuwa ndicho kipimo kilichoandikwa kwenye betri yenu. Paneli ya wati 50 ya aina ya volti 12 hutoa ampea 2.8 hivi jua linapokuwa kali. Katika ukanda wetu, siku yenye jua zuri huhesabiwa kuwa na saa 5 za jua kamili, ingawa mwanga wenyewe hudumu saa 12, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni ni dhaifu. Kwa hiyo paneli huingiza ampea-saa 14 kwa siku, na kwa kuwa betri ya risasi, kama hiyo yenu ya maji, hairudishi yote iliyopewa, weka matumaini yako kwenye ampea-saa 12. Hilo ndilo pato lenu lote la siku.

Sasa tazama matumizi. Kompyuta mpakato ikifanya kazi za maandishi na majedwali hula wati 25 hivi. Zile wati 65 zilizoandikwa kwenye chaja ni kiwango cha juu kabisa ambacho chaja inaweza kutoa, si kile inachotoa muda wote. Lakini umeme wa betri unapopandishwa na inveta kutoka volti 12 hadi 230, kisha ukashushwa tena na chaja hadi volti 19, kila hatua hupoteza sehemu yake kwa njia ya joto, na ndiyo maana vyote viwili hupata moto ukivigusa. Wati 25 zinazofika kwenye kompyuta huwa zimetoka kwenye betri zikiwa wati 33 au 34, yaani, ukigawa kwa volti 12, ampea 2.8. Kwa saa 4 hizo ni ampea-saa 11. Taa 2 kwa saa 4 hizo hizo ni ampea-saa 3 na ushee, na simu 2 za kisasa zikijazwa kabisa ni ampea-saa 4.

Mpaka hapo tuna ampea-saa 18 dhidi ya pato la 12, lakini bado hatujahesabu mlaji aliyejificha. Inveta ndogo iliyowashwa bila kubeba mzigo wowote hula nusu ampea hivi, ili tu kuweka soketi zake tayari, kama lori linalosubiri mzigo nje ya ghala huku injini ikiunguruma. Nusu ampea haionekani kuwa kitu. Hata hivyo, mbali na saa 4 za kazi, inveta yenu hubaki imewashwa saa 20, na nusu ampea kwa saa 20 ni ampea-saa 10, karibu sawa na kompyuta yenyewe. Jumla yenu ni ampea-saa 28 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kile ambacho paneli huleta. Mwanzoni mwa msimu mlifanya kazi bila taabu kwa sababu mlikuwa mnakula akiba ya betri, na akiba hiyo imekwisha. Inveta ya wati 1000 kwa kawaida hula ampea 1 au zaidi ikiwa imekaa bure. Mkiiacha wazi kama hii mliyonayo, itameza peke yake hata pato la paneli mbili.

Lipo jambo jingine linalonisikitisha zaidi, nalo ni betri yenu kufa kabla ya wakati wake. Betri ya risasi haitakiwi kutumiwa chini ya nusu ya ujazo wake kila siku, na kontrola yenu imetengenezwa kuilinda: upande wake wenye alama ya taa hukata umeme volti zinaposhuka hadi karibu 11.1. Inveta iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri haipiti kwenye mlinzi huyo. Yenyewe hulia na kukata volti zikiwa zimefika 10.5 au hata chini zaidi, wakati ambapo betri imekwisha kabisa. Betri inayolala katika hali hiyo usiku baada ya usiku huota ukoko mgumu wa chumvi ya risasi juu ya sahani zake za ndani, na sehemu iliyofunikwa na ukoko huo haipokei tena umeme. Kwa hiyo mlio mnaousikia si ishara ya inveta kuwa ndogo. Ni ishara kwamba betri imemalizwa.

Kifaa mnachohitaji badala ya inveta ni chaja ya kompyuta ya kutumia ndani ya gari, ambayo hupokea volti 12 na kuzipandisha moja kwa moja hadi kiwango cha kompyuta, ikipoteza sehemu moja tu kati ya kumi au karibu na hapo. Utakapokwenda Nachingwea au Masasi kuitafuta, nenda na chaja yenu ya sasa mkononi na usome kibandiko chake. Volti za kutoka lazima zilingane, iwe ni 19, 19.5 au 20. Ampea za kutoka ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Na pini ikae vizuri bila kulegea. Baadhi ya kompyuta, hasa za Dell, zina sindano nyembamba katikati ya pini ambayo huitambulisha chaja, na chaja isiyotambulika huifanya kompyuta iwake bila kujaza betri yake na pengine ifanye kazi polepole; basi omba kuijaribu hapo dukani kabla ya kulipa. Kama kompyuta yenu huchajiwa kwa tundu la Type-C, kazi ni rahisi zaidi: tafuta chaja ya gari ya Type-C yenye uwezo wa wati 65 inayotoa volti 20, kwa maana chaja ndogo za simu huishia kwenye volti 5 au 9, ambazo kompyuta nyingi huzikataa.

Soketi ya chaja hiyo ifungwe kwenye upande wa taa wa kontrola, si kwenye betri, ili ule ulinzi wa volti 11.1 ufanye kazi. Chaja ikitoa wati 65 zote itavuta ampea 6 kutoka kwenye betri. Ongeza taa na simu, unafika ampea 8, na kontrola yenu ya ampea 10 inaimudu. Simu zihamie kwenye matundu ya USB ya kontrola kama yapo, au kwenye chaja ndogo ya gari, na zichajiwe mchana. Weka fyuzi ya ampea 10 au 15 kwenye waya wa chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu betri ya ampea-saa 50 ikigusana nyaya ina nguvu ya kuyeyusha waya na kuwasha moto kwenye makaratasi ya ofisi.

Kuhusu waya nakusihi usifanye uchumi. Umeme wa volti 12 haustahimili safari ndefu ndani ya waya mwembamba. Chukua mfano wa betri iliyowekwa stoo, na meza ya karani ikiwa mita 10 kutoka hapo: umeme husafiri mita 20, kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ampea 6 zitapoteza karibu volti 1.5 njiani, na betri yenye volti 12.2 itaonekana kwenye meza kama ina volti 10.7, kiwango ambacho chaja nyingi za gari hukataa kufanya kazi. Waya wa 2.5 hupoteza volti 0.9, na wa 4 hupoteza zaidi kidogo ya nusu volti. Njia bora kuliko zote ni kuisogeza betri na kontrola hadi mita 2 au 3 kutoka mezani, mahali penye hewa ya kutosha na pasipo na moto, kisha waya mrefu uwe ule wa kutoka kwenye paneli, ambayo ina volti za ziada za kupoteza. Na asije mtu akafikiria kuunganisha chaja moja kwa moja kwenye paneli: bila mzigo paneli hufika volti 21 au 22, na wingu likipita huporomoka ghafla. Chaja haikutengenezwa kwa hali hiyo.

Mkifanya hayo, kompyuta itakula ampea-saa 9, taa 3 na simu 4, jumla 16. Bado ni zaidi ya 12, na hapo ndipo paneli ya pili inapohalalika. Nunueni ya wati 50 ya volti 12 kama ya kwanza, mziunganishe chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Zitatoa ampea 5.6 pamoja, na kontrola mliyonayo inatosha. Pato litakuwa ampea-saa 24 siku ya jua zuri na 12 siku yenye mawingu kiasi, na kwa kuwa mnatumia theluthi moja tu ya betri, siku moja ya mvua haitawasimamisha. Mkisubiri fedha za paneli, punguzeni mwanga wa kioo cha kompyuta na fanyeni sehemu ya kazi mchana, jua likiwa juu.

Wakati fundi yuko juu ya bati, aangalie mlalo wa paneli. Sisi tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo paneli ielekee kaskazini kwa mlalo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15, unaotosha kwa mvua kuosha vumbi. Mlalo mkali haufai kwenu hasa, maana tangu mwishoni mwa Oktoba hadi baada ya katikati ya Februari jua la adhuhuri linakuwa upande wetu wa kusini, na katika kipindi hicho hicho ndipo korosho zinapopimwa na ofisi inapohitaji umeme zaidi. Tawi la mkorosho au mwembe linalofunika vipande viwili vitatu tu vya paneli linaweza kuondoa nusu ya umeme wake, likatwe.

Kabla ya kununua chochote, ipime betri. Zimeni inveta na vitu vyote jioni, kisha asubuhi kabla jua halijaipiga paneli pima kwa mita: volti 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 imekwisha. Angalia maji ndani ya kila tundu na uongeze maji safi ya betri ya dukani, si asidi wala maji ya kisima. Ijazeni kwa siku kadhaa bila kuitumia hadi kontrola ionyeshe volti 14.4 mchana, halafu fanyeni kazi ya jioni moja kwa mpangilio mpya. Betri nzima iliyotoa ampea-saa 16 itaonyesha karibu volti 12.4 asubuhi inayofuata. Ikionyesha 12 au chini, ukoko umekwisha kuishinda, na itabidi ibadilishwe. Mkiamua kuchukua ya lithiamu, hakikisheni kwanza kwamba kontrola ina mpangilio wa lithiamu, kwa kuwa ile ya kawaida yaweza kuijaza vibaya.

Inveta ya wati 300 msiitupe. Kama ofisi ina printa ndogo ya wino, washeni inveta hiyo wakati wa kuchapa stakabadhi, na mkimaliza ukurasa wa mwisho mzime swichi yake. Printa ya leza inveta hiyo haitaiweza, kwa kuwa printa inapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa mara moja. Kazi ya namna hiyo ipelekeni kwenye flashi hadi mahali penye umeme wa gridi.