Wastani wa barua pepe unanihadaa

SWALI: Nasimamia seva ya barua pepe ofisini. Nakadiria diski kwa wastani wa ukubwa wa barua za wiki moja, lakini kila mwezi hesabu inakataa. Kwa nini?

JIBU: Chukua barua 999 za KB 20 na moja ya MB 20. Wastani unaruka hadi KB 40, ilhali barua ya katikati bado ni KB 20. Wiki moja haitoshi kuzinasa hizo kubwa. Chukua miezi kadhaa.

Badili baiti kuwa logarithimu, kisha chora histogramu. Mara nyingi utaona vilima viwili: barua za maandishi matupu na zenye viambatisho. Kila kilima kipe mkunjo wake wa kengele (mgawanyo wa kawaida). Ukilazimisha mmoja, utakosea pande zote. Mkia wa juu, yaani zile barua chache kubwa mno, upime peke yake kwa Pareto, mgawanyo wa takwimu wenye mkia mrefu. Kipeo chake (namba inayoonyesha mkia unapungua kwa kasi gani) kikiwa chini ya 2, wastani utayumba hata sampuli ikiwa kubwa.

Na usipime faili, pima barua yenyewe kwenye kumbukumbu (logi) za seva. Base64, mbinu ya kuandika viambatisho kama herufi ili visafiri kwenye barua pepe, hugeuza kila baiti 3 kuwa 4, ukijumlisha miisho ya mistari ni nyongeza ya takriban 37%. Ndiyo maana kiambatisho cha MB 20 hugonga mwamba kwenye kikomo cha MB 25.