Rimoti ya ndege kwenye lori la modeli: niliyojifunza mezani

Rimoti nyingi za vijiti viwili zilibuniwa kwa kumfikiria mrusha ndege. Kijiti cha kushoto hupanda na kushuka kwa meno na ukikiachia kinabaki pale pale, kwa sababu rubani anataka mota yake iendelee kuvuta kwa nguvu ileile. Wewe una lori, na unataka ukiachia kidole lisimame. Wanaoanza wengi, wakiliona hilo, hukimbilia bisibisi. Nami nilifanya hivyo na rimoti yangu ya kwanza, FlySky FS-i6: nikaifungua, nikaanza kutafuta springi ya kukirudisha kijiti katikati, nikapoteza siku mbili. Lori halikuhitaji springi yoyote. Nilichokosa ni kuelewa kinachotoka ndani ya rimoti ile.

Kinachotoka ni namba. Kwenye kila tundu la risiva, yaani kipokezi kilichomo ndani ya lori, kuna mpigo wa umeme unaorudiwa takriban kila milisekunde 20, na urefu wa mpigo huo ndio ujumbe wenyewe: karibu mikrosekunde 1000 kijiti kikiwa upande mmoja, 1500 kikiwa katikati, 2000 kikiwa upande wa pili. Swichi ya nafasi mbili huruka kutoka 1000 hadi 2000. Ya nafasi tatu husimama pia kwenye 1500. Risiva haijui kama kuna bawa, usukani au honi upande wa pili wa waya, na hapo ndipo uhuru wako ulipo, kwa sababu maana ya kila namba unaipanga wewe.

Kwa hiyo kabla hujagusa waya, chukua karatasi uchore rimoti yako, uandike kila kidole kitafanya nini. Kwenye FS-i6 ya vijiti vya mtindo wa pili (Mode 2, gesi ya ndege ikiwa kushoto), chaneli ya 1, yaani njia ya namba ya kwanza, ni kijiti cha kulia kushoto na kulia, ya 2 ni kijiti hichohicho juu na chini, ya 3 ni kile cha kushoto kinachobaki pale ulipokiacha, na ya 4 ni hicho cha kushoto kikienda pembeni. Chaneli ya 5 na ya 6 unazichagulia swichi au kitasa mwenyewe kwenye menyu. Sasa angalia lori la Tamiya la kipimo cha 1/14: lina giaboksi ya gia tatu, na gia zinabadilishwa na servo, mota ndogo inayogeuza mkono wake hadi pale namba inapoiambia. Gia ni kitu unachotaka kibaki pale ulipokiweka! Kijiti nilichokuwa nakipigania kwa siku mbili kilikuwa tayari ni mkono wa gia. Usukani ukakaa chaneli ya 1, mwendo wa mbele na nyuma chaneli ya 2 ambayo tayari ina springi ya kurudi katikati, na gia chaneli ya 3. Kuna faida nyingine pia: FS-i6 ukiiwasha hupiga kelele mpaka swichi zote ziwe juu na kijiti cha kushoto kiwe chini kabisa. Ukiipanga gia ya kwanza iwe chini, lori linaanza na gia ya kwanza kila siku.

Servo ya gia inahitaji uangalifu. Ikifika mwisho wa njia na bado inaunguruma, inasukuma chuma kisichoweza kwenda mbele zaidi, na itaungua. Ingia kwenye menyu ya mipaka ya chaneli, punguza asilimia kidogo kidogo kila upande mpaka mlio ukome huku gia ikiwa imeingia sawasawa. Ikienda kinyume, geuza chaneli kwenye menyu, usigeuze mkono wa servo. Na ESC, kifaa kinachodhibiti kasi ya mota, iwe ya gari, yenye mwendo wa nyuma. Nyingi za ndege hazina.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni taa. Tamiya wana kifaa chao, MFC-01, kinachotoa sauti na taa kwa rimoti ya chaneli nne, na ni kizuri ukikimudu. Mimi nilitumia Arduino Nano, ubao mdogo wa kompyuta unaouandikia programu mwenyewe, na nakushauri uanze nayo, kwa sababu utaona kila namba kwa macho yako.

Mara ya kwanza niliunganisha kila chaneli na pini yake, nikasoma mipigo kwa pulseIn, amri ya Arduino ya kupima urefu wa mpigo. Taa ziliwaka, lakini indiketa zilikuwa zinasita kama mtu mwenye kigugumizi. Sababu ni kwamba pulseIn inasubiri mpigo ufike ndipo programu iendelee, na kila chaneli inaweza kuisimamisha milisekunde 20. Ukisoma chaneli nne kwa zamu, programu inatumia muda mwingi kusubiri kuliko kufanya kazi. Kosa la pili lilikuwa delay, amri inayosimamisha programu kwa muda, niliyoitumia kuwasha na kuzima indiketa. Iache kabisa. Tumia millis, amri inayokupa milisekunde zilizopita tangu ubao uwashwe: uliza saa, ona kama muda umefika, badilisha taa, endelea na mengine. Indiketa za magari halisi hupiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Mimi naweka 90, yaani milisekunde 333 zikiwaka na 333 zikiwa zimezimwa, na kwa macho inafanana kabisa na lori la barabarani.

Tiba ya kudumu ya kusubiri ni iBUS, njia ya FlySky ya kutuma namba za chaneli kama data. Risiva ya FS-iA6B ina tundu la iBUS ya servo ambalo hutoa chaneli zote kwa waya mmoja, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Kila ujumbe una baiti 32: mbili za mwanzo ni 0x20 na 0x40 (0x ni alama ya namba za msingi wa 16), kisha zinafuata chaneli 14 za baiti mbili mbili, baiti ya thamani ndogo ikitangulia, na mbili za mwisho ni za kuhakiki. Chukua 0xFFFF utoe jumla ya baiti 30 za mwanzo. Jibu lisipolingana na hizo mbili, tupa ujumbe wote usubiri unaofuata. Angalia tundu la pembeni lisikupoteze, maana lina jina la iBUS pia lakini ni la vihisio. Na kwa kuwa waya huo unaingia kwenye pini ya RX (ya kupokea data) ya Nano, uchomoe kila unapopakia programu kwa USB, vinginevyo itagoma na utadhani ubao umekufa.

Ukishapata namba, usiziamini zote. Katikati haikai 1500 kamili. Acha uwanja wa 1450 hadi 1550 ambamo hakuna kinachotokea, na honi isilie mpaka usome namba ileile mara tatu mfululizo. Chaneli ya 4 inatosha kwa mambo mengi: gonga kushoto, indiketa ya kushoto, shikilia kushoto sekunde moja, zote mbili zipige kama hazadi, taa za tahadhari.

Kijana mmoja aliniletea lori lake. "Fundi, taa zinajiwakia zenyewe, nimebadilisha programu mara nne."

"Hasi ya Nano na hasi ya risiva umeziunganisha?"

Alikuwa hajaziunganisha. Alikuwa na betri mbili, kila moja na njia yake, na waya wa ishara peke yake katikati. Ishara bila hasi ya pamoja haina pa kupimiwa. Programu yake haikuwa na kosa hata moja, na iliniuma kuona usiku mzima wa kazi umeishia kwenye waya mmoja.

Umeme ndio unaosumbua zaidi ya programu. Servo ya usukani ikikwama kwenye kingo hunywa ampea nyingi kwa ghafla, volti inashuka, Nano inajiwasha upya na taa zote zinazima. Mpe Nano na taa chanzo chao cha volti 5, hasi zote ziungane, lakini chanya za vyanzo viwili zisikutane. Toa waya mwekundu wa kimoja. Pini moja ya Nano usiibebeshe zaidi ya miliampea 20, na pini zote kwa jumla zisizidi 200. Taa nyeupe ya LED kwa volti 5 naiwekea rezista ya omu 150, nyekundu 220. Ukitaka taa nyingi za pembeni na za paa, pitisha kwenye transista au ULN2803, chipu yenye transista kadhaa ndani yake.

Kabla lori halijakanyaga sakafu, liweke juu ya kopo magurudumu yakiwa hewani. Washa rimoti kwanza, kisha lori. Kwenye menyu ya usalama wa kupotea kwa mawimbi, weka chaneli ya 2 irudi katikati. Sasa sukuma kijiti kwenda mbele, magurudumu yazunguke, na ukiwa bado umekishikilia, zima rimoti. Yakiendelea kuzunguka, usilishushe lori. Rudi kwenye menyu.