Mlima Meru kwa siku tatu inawezekana, ila mimi nakushauri nne

Mleta mada umeuliza vitu vitatu: kama Meru unapandika kwa siku tatu ili usichukue ruhusa ndefu kazini, kwa nini mtu wa mazoezi kama wewe alazimishwe kutembea na askari mwenye bunduki, na mwezi gani ni mzuri. Mimi nakaa Arusha na Meru nimeshapanda, ntakujibu kwa nilivouona.

Siku tatu inawezekana mkuu, na kampuni nyingi zinauza hivo, ila angalia hesabu yenyewe. Geti la Momella liko kwenye mita 1,500 hivi, siku ya kwanza unalala kwenye vibanda vya Miriakamba kama mita 2,500, ya pili unalala vibanda vya Saddle Hut mita 3,570, alafu usiku huohuo kwenye saa saba mnaamshwa mnakunywa chai mnaanza kupanda kwenda kileleni, mita 4,566. Sasa kwa ratiba ya siku tatu ukishagusa kilele unatakiwa ushuke siku hiyohiyo mpaka getini, yani mita 3,000 kwenda chini na magoti yaleyale yaliyokesha yakipanda, na njia kule juu ni mwinuko kwelikweli. Kwa siku nne unashuka mpaka Miriakamba unalala, kesho yake unamalizia msitu taratibu huku unaona mbega na twiga. Siku moja tu ya ziada ila tofauti yake ni kubwa sana.

Na ukifika Saddle mchana usijitupe kitandani mpaka usiku, kula, pumzika kidogo alafu panda Little Meru, kile kilele kidogo cha jirani, ni mita 3,800 na kitu, haichukui muda. Mwili unaonja hewa nyepesi kisha unarudi kulala chini kidogo, usiku utaona faida yake. Kuna jamaa tulikuwa naye, kijana wa mpira kabisa, kafika Saddle kichwa kinamgonga, chakula kimegoma, akajaribu supu akaitapika. Muongozaji hakubishana naye, alimuunganisha na kundi lililokuwa linatoka kileleni na askari wao, wakashuka naye mchana uleule, na tulivoonana tena chini anasema alipofika Miriakamba tu aliomba ugali. Ukiumwa kichwa sema mapema, usifiche eti utawaangusha wenzio, na dawa ya ugonjwa wa mwinuko, huu unaoletwa na hewa nyepesi, kamuulize daktari kabla ya safari, sio upewe na mtu njiani.

Hilo la askari naomba ulichukue kwa uzito. Kule sio bustani, Meru iko ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha na kuanzia getini unapita mbugani na msituni kwenye nyati wengi, tembo wapo, chui wapo. Mazoezi hayamzuii nyati. Mara moja tuko msituni askari aliyekuwa mbele akanyoosha mkono bila kugeuka, wote kimya, kwenye njia kuna mavi bado yanatoa mvuke, akasikiliza, akapiga makofi mawili na kukohoa kwa nguvu, tukasikia majani yanavunjika upande wa kulia kama kuna mtu anaburuta kabati, dume moja la nyati likapita likazama bondeni. Hakugusa hata bunduki. Alikuwa anajua dume lililojitenga na kundi halitaki kushtukizwa, analitaarifu mapema lenyewe linaondoka. Kwa hiyo tembea nyuma yake, usimpite, usibaki nyuma unapiga picha, na muongeleshe, wale watu wanaujua msitu kuliko chochote utakachosoma.

Usiku wa kilele sehemu ya kujiandaa nayo ni Rhino Point. Ukishafika pale njia inashuka kwanza, unapita kwenye mwamba, alafu ndo unafuata ukingo wa kreta, yani shimo la volkano, kwenye majivu, hatua moja mbele nusu nyuma, na upande mmoja ni ukuta wa zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Giza linakusaidia sababu huoni. Wakati wa kurudi kumbuka kile kishuko sasa ni mlima, umechoka na jua linachoma, hapo wengi ndo wanakata tamaa kwa hiyo tunza maji na kitu cha kutafuna.

Ila kukipambazuka mkuu! Kilimanjaro imesimama mashariki juu ya mawingu na jua linatokea upande huohuo, chini yako ndani ya kreta kuna kile kilima cha majivu, na ndipo unaelewa mlima huu upande wake mzima wa mashariki ulishaporomoka, tope likamwagika mpaka kule yaliko maziwa ya Momella. Ni volkano hii, mwaka 1910 ilitoa majivu. Ndo maana inaniuma nikisikia watu wanaita Meru mazoezi ya kupandia Kili. Meru ni safari kamili, nenda kwa ajili yake yenyewe.

Vifaa usiache glavu nzito, koti la upepo, tochi ya kichwa na betri za akiba ulale nazo ndani ya begi la kulalia sababu baridi inazimaliza. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019 kwa hiyo fungasha kwenye mfuko wa nguo, na ganda lako la pipi shuka nalo. Beba kitambulisho cha NIDA ulipe kiingilio cha mwananchi kwa shilingi.

Mwezi, nenda kati ya Juni na Oktoba, au Desemba mwishoni mpaka Februari. Machi hadi Mei achana nayo, masika yanafanya msitu kuwa utelezi mtupu na kileleni unaweza usione kitu. Kama kazini wanakupa siku tatu tu mwezi huu, bora usubiri mwezi watakaokupa nne.